FUNDI ANAJIBU: Moteri ilipasuka, lakini hakuna aliyeigonga



Mwezi huu ninaweka kando barua za pikipiki na za pompe ya maji, kwa sababu kuna barua moja iliyonikalia moyoni siku mbili mbele ya kuijibu. Inatoka kwa baba mumoja aliyefanya kazi ya mugodi miaka mingi. Alipopata feza zake za mwisho wa kazi, yeye na mama wa nyumba walikubaliana wasizikule. Walirudi kwao upande wa Kilwa, kando ya Ziwa Moero, wakatengenezesha mutumbwi mukubwa wa mbao. Mwipwa wake anayeishi Ubelgiji akawatafutia moteri ya kufunga nyuma ya mutumbwi. Haikuwa mupya, ilikuwa imekwisha kutumiwa. Lakini rangi yake iliangaa, na siku ya kwanza iliwaka kwa kuvuta kamba mara mbili tu. Jirani wote walikuja kuiona.

Majuma matatu yalipopita, moteri ikaanza kulia kama mashini ya kusaga mahindi iliyoingiwa na jiwe. Siku moja helisi ilikataa kuzunguka katikati ya ziwa, na watu wote na mizigo yao wakarudi kwa kafi mpaka usiku. Fundi wa pale alipofungua visi ya chini, mafuta yaliyotoka yalifanana na kahawa yenye maziwa. Alipokwangua rangi, akakuta mupasuko murefu kama kidole, umezibwa kwa mastiki na kupakwa rangi juu.

Sasa sikiliza neno lililoniumiza. Anayeendesha ule mutumbwi ni kijana wa miaka 19, mutoto wa marehemu ndugu ya baba huyu, waliyemulea tangu akiwa mudogo. Walimwambia: «Uligonga jiwe, na unaficha.» Kijana akaapa: «Hapana, baba, sikugonga kintu.» Hawakumwamini. Akafukuzwa nyumbani, na leo analala kwa rafiki yake ku Pweto. Shangazi naye anasema si jiwe, ni ulozi wa jirani mwenye wivu. Wengine wanasema mwipwa wa Bulaya alikula feza na kutuma chuma cha kufa. Baba anamaliza barua hivi: «Fundi, uniambie, ni nani alipasua moteri yangu?»

Baba, nitakujibu wazi. Kwa namna unavyoeleza ule mupasuko na yale mafuta, ninaamini kama aliyepasua moteri yako si kijana wala mulozi. Ni maji. Maji yaliyoganda ndani ya moteri kule Ulaya, usiku mumoja wa baridi kali, mbele haijapanda meli. Usinikubali kwa maneno tu. Nitakuonyesha namna ya kuhakikisha kwa macho yako mwenyewe.

BARAFU TUNAYOIJUA NA ILE TUSIYOIJUA

Sisi watu wa Katanga, barafu ni rafiki yetu. Wazee wanakumbuka: tangu wakati wa ukoloni, samaki wa Kasenga walikuwa wanabebwa juu ya barafu mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Barafu ilizuia samaki wasioze. Kwetu barafu inatoka ndani ya mashini, na inaganda pale tunapotaka sisi.

Katika inchi za baridi si hivyo. Kule barafu inashuka yenyewe, bila kuuliza mutu. Digri ikifika zero, maji ya kawaida yanaanza kuganda: ya ndoo, ya bomba, ya mufereji, na hata ya ziwa. Mufano, kuna Ziwa Mendota katika muji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Karibu kila mwaka ziwa hilo linaganda, na barafu inakuwa nene hata watu wanatembea juu yake, wanatoboa shimo na kuvua samaki.

Na moteri hizi tunazofunga nyuma ya mitumbwi ni watoto wa inchi ile ile. Mutu aliyezifanya zijulikane ulimwenguni ni Ole Evinrude. Alizaliwa Norvege mwaka wa 1877, akakulia Wisconsin, na katika mwaka wa 1909 alianza kuuzisha moteri zake katika muji wa Milwaukee. Wanasimulia kama wazo lilimujia siku moja ya joto kali. Alivuka ziwa kwa kafi kwenda kumuletea muchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Basi, aliona kafi ni polepole sana. Lakini lile ziwa la joto, miezi sita nyuma, ni barafu tupu. Kwa hiyo wenye moteri kule, tangu zamani, wanajua kama kuna kazi ya kufanya kila mwaka mbele baridi haijafika. Anayeisahau anakuta hasara.

JUU YA NINI BARAFU INAPASUA CHUMA?

Vitu vingi vikipata baridi vinajikunja, vinakuwa vidogo. Maji hapana. Maji yakiganda yanapanuka karibu sehemu 9 kwa 100. Yaani litre moja ya maji inatafuta nafasi ya litre moja na karibu desilitre moja. Weka chupa ya kioo iliyojaa maji na kufungwa ndani ya kongelateri, asubuhi utaikuta imepasuka. Mama wa nyumba anajua jambo hilo. Hakuna aliyeipiga chupa. Maji yalitafuta nafasi, hayakuiona, yakaifungua kwa nguvu.

Mwili wa moteri ni wa aluminiyumu. Aluminiyumu ni nyepesi na haipati kutu kama chuma, lakini haivutiki kama mupira. Ikisukumwa kutoka ndani, inapasuka.

Maji yanapatikana wapi ndani ya moteri? Kuna njia mbili, na usizichanganye.

Njia ya kwanza ni maji ya kupoza. Chini ya moteri kuna pompe yenye gurudumu la mupira. Inavuta maji ya ziwa, inayapandisha mpaka kwenye silindri, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu moja inatokea kando, kale kamaji kanakoruka ambako kila muvuvi anaangalia ili kujua kama moteri haichomi. Maji haya kwa kawaida hayaleti matata ya baridi, kwa sababu moteri ikitolewa ndani ya maji na kusimamishwa wima, yanashuka yenyewe mpaka yaishe. Matata yanakuja kama moteri imeachwa imeinamishwa, helisi juu. Hapo maji hayana njia ya kutoka. Tena mvua na theluji vinaingia ndani ya kitovu cha helisi, vinalala pale, usiku vinaganda.

Njia ya pili ndiyo ya barua yetu. Chini kabisa, pale helisi inaposhikwa, kuna bwati ya meno. Ndani yake hakuna maji, kuna mafuta mazito ya kulainisha meno. Kinachozuia maji ya ziwa kuingia ni mupira mudogo unaozunguka chuma cha helisi. Uzi mumoja wa nailoni ukijifunga nyuma ya helisi, unaukata ule mupira polepole kama wembe. Mwenye moteri haoni kitu. Maji yanaingia kidogo kidogo. Moteri inapotembea, yanachanganyika na mafuta na kuwa meupe kama kahawa ya maziwa. Moteri ikipumuzika siku nyingi, maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, yanashuka na kukaa chini. Halafu baridi inafika. Bwati imefungwa kila upande, maji yanaganda, yanatafuta nafasi. Asubuhi bwati imepasuka. Na kwa nje, nani atajua?

NAMNA WENYE MOTERI WA KULE WANAVYOIKINGA

Wengi kati yenu muko na watoto na ndugu Liège, Bruxelles, Montréal na kwingine. Mukisikia wanataka kuwatumia moteri, muwasomee maneno haya kwa telefone. Kazi yote inaomba saa moja ao mbili, na inafanywa mbele baridi haijaanza, si nyuma.

1. Kusafisha njia ya maji. Moteri inasimamishwa ndani ya pipa la maji safi na kuwashwa dakika chache ili chumvi, muchanga na matope vitoke. Usiiwashe kamwe inje ya maji: ule mupira wa pompe unalainishwa na maji yenyewe, na ukizunguka mukavu unaharibika kwa dakika chache sana.

2. Kumaliza esansi ya ndani. Kama moteri ni ya karburateri, chomoa mupira wa esansi wakati moteri ingali inawaka ndani ya pipa, iache ijizimikie yenyewe. Esansi iliyolala miezi mingi inakuwa kama gundi na kuziba matundu madogo. Tena huko Ulaya esansi nyingi inachanganywa na alkoli mpaka sehemu 10 kwa 100, na alkoli inavuta unyevu.

3. Kuweka mafuta ndani ya silindri. Toa bujii, mwanga mafuta ya moteri kiasi kidogo kwa kila tundu, vuta kamba polepole mara chache, rudisha bujii. Ukivuta kamba hivyo, mabaki ya maji ndani ya pompe nayo yanasukumwa inje. Hakikisha mbele kama ule uzi mwekundu wa kuzimisha umetolewa, moteri isiweze kuwaka.

4. Kubadilisha mafuta ya bwati ya meno. Hii ndiyo kazi inayookoa moteri. Kuna visi mbili kando ya bwati, ya chini na ya juu. Weka sahani chini. Fungua ya chini, kisha ya juu, uache yote yatoke. Angalia rangi. Yakiwa na rangi ya mafuta, vizuri. Yakiwa meupe, ao maji yakitoka kwanza peke yake, mupira wa helisi umekatika, na lazima ubadilishwe. Kujaza unajaza kutoka chini, mafuta yakipanda mpaka yatoke kwa tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, kisha ya chini haraka. Kila visi iko na kapete kake ka kuziba. Weka kapya. Wengine wanaahirisha: «Nitabadilisha majira ya joto yakirudi.» Hilo ni kosa. Kama maji yamo, yataganda yakingali ndani.

5. Kutoa helisi na kuangalia nyuma yake kama kuna uzi wa nailoni, kisha kupaka grisi na kuirudisha.

6. Kuisimamisha wima, helisi chini, na kuiacha imwage maji yote. Moteri kubwa zilizofungwa kwenye mashua zinashushwa vilevile. Moteri ndogo inaweza kulazwa kisha maji yote kutoka, kwa ule upande tu unaoandikwa ndani ya kitabu chake, na kichwa kisiwe chini ya helisi, maji yasirudi ndani ya silindri.

7. Kama kuna batri, inatolewa na kuwekwa pahali pakavu ikiwa imejaa umeme. Batri yenye kujaa inavumilia baridi kali sana, lakini ile iliyokwisha umeme inaganda digri chache tu chini ya zero, na kupasuka.

8. Kuifunika kwa kitambaa chenye kupitisha hewa. Ukiifunga kwa plastiki bila pumuzi, jasho linabaki ndani na kutu inaanza.

Ni hivi tu. Visi mbili, chupa moja ya mafuta, pipa moja. Aliyekuwa na moteri yako mbele yako, baba, hakufanya namba 4. Hasara yake ilivuka bahari, ikafika kwako.

JIWE AO BARAFU? MASHAHIDI WAWILI

Sheria ya Musa haikukubali mutu ahukumiwe kwa ushuhuda wa mutu mumoja. Iliomba mashahidi wawili ao watatu. Katika jambo hili la kijana, wawili wako pale, ndani ya nyumba yako. Wa kwanza ni chuma, wa pili ni mafuta.

Uliza chuma kwanza. Moteri iliyogonga jiwe inaonyesha alama kwa nje: mikwaruzo, pahali pameingia ndani, meno ya helisi yamekunjwa ao kuvunjika, na ule upanga mudogo wa chini, chini ya helisi, umepinda ao umekatika. Si rahisi mwamba ugonge bwati na kuacha helisi na upanga vikiwa vizima kabisa, bila mukwaruzo wowote kwa nje. Kwa barafu ni kinyume. Nje ni laini, hakuna mukwaruzo, helisi ni nzima, lakini kuna musitari wa mupasuko, na ukipitisha kidole unasikia midomo yake imesukumwa kwenda inje. Kilichoipasua kilitoka ndani.

Kisha uangalie lile jambo uliloandika wewe mwenyewe bila kuona uzito wake: mupasuko ulikuwa umezibwa kwa mastiki na kupakwa rangi. Mutoto wako anaweza kupata wapi mastiki na rangi ile ile ya fabriki, katikati ya ziwa? Ule mupasuko ulikuwa na dawa yake tayari siku moteri ilipofika. Kuna mutu kule aliyeuona, akaufunika, akauzisha.

Uliza mafuta kisha. Siku tatu na jiwe haviwezi kufanya kutu nyingi. Mwambie fundi afungue bwati na kuangalia meno na rulema. Ukikuta kutu ya zamani, nyekundu, iliyokula chuma na kufanya vishimo, maji yalikaa mule miezi mingi. Majuma matatu ya Moero hayatoshi.

Mashahidi hao wakisema neno moja, kesi imekwisha.

Na mwipwa wako wa Ubelgiji? Usimuhukumu haraka yeye naye. Si kila mutu anayeishi Ulaya anajua moteri. Pengine aliona rangi yenye kuangaa kama wewe, akasikia inawaka, akafurahi. Mwandikie kwa heshima, mutumie foto ya ule mupasuko, umuulize kama yule muuzishaji anaweza kupatikana. Ukianza kwa matusi, utapoteza moteri na mwipwa pamoja.

UKINUNUA MOTERI ILIYOTUMIWA

Musomaji, moteri hizi zinafika Lubumbashi na Likasi kila siku. Mbele ya kutoa feza, fanya hivi.

Usidanganywe na rangi. Rangi mupya chini kabisa ya moteri, wakati juu ni ya zamani, ni swali. Pitisha ukucha polepole pande zote za bwati, zaidi karibu na visi ya chini. Ukucha ukikwama, kwangua.

Fungua visi ya chini kidogo, na moteri iwe imesimama wima tangu jana yake. Matone ya kwanza yanasema kweli, kwa sababu maji yako chini. Muuzishaji akikataa usifungue, funga mufuko wako na urudi nyumbani.

Kama fundi iko na kipande cha kuunganisha pale pa visi, aingize hewa ndani ya bwati kwa pompe ya mukono ya kinga, polepole, si kwa kompresere ya garaji, maana hewa nyingi inafukuza mipira ya kuziba. Kisha zamisha ule muguu ndani ya pipa. Mapovu yakipanda, utaona pahali panapovuja.

Mwishoni, iwashe ndani ya pipa na uangalie kale kamaji ka kando. Kusikia tu inanguruma haitoshi. Moteri ya barua yetu nayo ilinguruma vizuri siku ya kwanza. Kichwa kilikuwa kizima, muguu ulikuwa mugonjwa.

NA SISI HUKU, BILA BARAFU?

Mutaniambia: «Fundi, mwezi wa 6 na wa 7 tunatetemeka Lubumbashi, lakini ku Moero maji hayagandi.» Ni kweli. Kwetu maji hayatapasua bwati. Lakini maji yale yale yakilala ndani ya mafuta yatakula meno na rulema kwa kutu, polepole. Mwisho ni ule ule: helisi inakataa katikati ya ziwa, na watu ndani ya mutumbwi. Nami ninaogopa zaidi watu hao kuliko moteri.

Sisi nasi tuko na miezi ya kupumuzisha moteri. Upande wa Zambia, uvuvi unafungwa kila mwaka tangu tarehe 1 ya mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, samaki wapate kuzaa. Mwenye moteri aitumie miezi kama ile jinsi watu wa kule wanavyotumia majira ya baridi. Namba 1 mpaka 6 hapo juu ni zetu vilevile. Niongeze mambo matatu ya kwetu. Nyigu wanapenda kujenga nyumba zao za udongo ndani ya matundu ya moteri iliyolala: tafuta matundu hayo na kuyasafisha kwa waya laini mbele ya kuwasha. Nailoni za nyavu ziko nyingi katika maji yetu: toa helisi kila mara, si mara moja kwa mwaka. Na tanki ya esansi isilale ndani ya chumba, hata kama unaogopa wezi. Moshi wa esansi na mushumaa katika nyumba yenye watoto, mimi nimekwisha kuona matokeo yake. Sitaki kuyaona tena.

JUU YA KUTENGENEZA

Baba, uliuliza pia kama inaweza kupona. Usizibe tena kwa mastiki, ndiyo iliyokudanganya. Sudere anayejua aluminiyumu anaweza kufunga mupasuko mudogo, lakini moto unaweza kupindisha pahali rulema inapokaa, kwa hiyo umuulize kama amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Njia nzuri zaidi ni kutafuta muguu muzima wa moteri ingine ya aina ile ile, iliyokufa kichwa. Mafundi wa Lubumbashi na wa Kasenga wanakuwa nazo nyuma ya garaji. Kichwa chako ni kizima, na hilo ni kubwa. Safisha meno yote kwa petroli, badilisha rulema na mipira, weka mafuta mapya, na kisha saa kumi za kwanza za kazi fungua tena visi ya chini uangalie rangi.

NENO LA MWISHO

Bwana Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara, kama anapaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Mulifanya hivyo wewe na mama, mulihesabu feza. Lakini kuna hesabu ingine tunayosahau: tukipata hasara, nani atailipa? Mara nyingi tunamulipisha yule asiye na baba wa kumutetea. Mali ikiharibika katika nyumba, yatima anaangaliwa kwanza. Ninajua maneno haya ni magumu, lakini umeniuliza.

Ulozi nao, shangazi anisamehe. Sikatai kama watu wanaweza kutakiana mabaya. Lakini kabla ya kutaja jina la jirani, tufungue visi kwanza. Kama jibu liko ndani ya bwati, juu ya nini tulitafute ndani ya nyumba ya mutu?

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, baba, haiko kwa sudere. Iko ku Pweto. Nenda mwenyewe, usitume mutu. Beba ule muguu wa moteri ndani ya mufuko, uuweke mbele ya kijana, mupitishe vidole vyenu pamoja juu ya ule mupasuko. Mwambie kama ulikosa. Mutoto hatakudharau kwa hilo. Kisha rudi naye nyumbani, na umupe yeye kazi ya kubadilisha mafuta ya bwati tangu sasa. Anayefungua visi kwa mukono wake mwenyewe, ndiye atakayeona maji wa kwanza.

Mama wa nyumba, ninajua hukuandika barua, lakini utaisoma hii. Mutengenezee kitanda.

Mubaki na amani. Mpaka mwezi ujao, ambapo tutarudia swali la pompe ya kisima inayovuta hewa.

Fundi wenu